Fundi wa Ziwani na Pikipiki ya Miguu Minne

Mume wangu Wenceslaus Masatu ana ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa. Redio tuliyopewa siku ya harusi aliifungua kabla wiki haijaisha. Siku aliyokuja kujitambulisha kwetu, wazee wamekaa, soda zimeshafunguliwa, yeye macho yako kwenye saa ya ukutani ya baba yangu ambayo ilikuwa imesimama. Mara akaomba bisibisi. Baba akaniita pembeni akaniuliza, "Huyu kijana anatafuta nini humo ndani?" Nikamjibu, "Anataka tu kujua, baba." Baba akacheka mpaka akakohoa. Saa haikupona, lakini mimi niliolewa.

Naitwa Dorotea. Nauzaga chai pale Mwigobero, mwaloni mjini Musoma, upande wanakoanika dagaa, na banda langu limetenganishwa na meza ya Wenceslaus kwa ubao mmoja tu. Kwa hiyo haya ninayosema sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na mengine niliyafanya mwenyewe, ndiyo maana yananikera mpaka leo. Anayebisha aje anibishie usoni.

Wenceslaus ni fundi wa injini za boti. Kazi hiyo ilimkuta kwao Bukima akiwa bado mvuvi, lakini kilichomkomaza ni miaka ile ya shida, miaka ya sabuni kwa foleni na sukari kwa kibali. Spea hazikuwepo. Ukisema spea watu wanakuangalia kama umetukana. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya chuma na chuma, alikuwa anakata kwenye maboksi, nyingine kwenye ngozi ya kiatu kilichokufa. Na alijifunza jambo moja ambalo lilimjengea jina ziwa zima: kutoa. Kitu kikiharibika na kingine hakipatikani, anakitoa, anafunga injini bila hicho kitu, anaangalia kama itaishi. Na injini zilikuwa zinaishi! Kuna kidude cha kupimia joto la maji ndani ya injini ya boti; alivitoa kwenye boti zote kuanzia hapo Mwigobero mpaka Bukima, hakuna iliyokufa. "Hawa waliotengeneza wanapendaga mapambo," alikuwa anasema, na wavuvi wanacheka, na mimi nacheka nao. Nilimwamini. Injini zilikuwa zinaondoka zinaimba.

Sasa twende mwaka tisini na tano. Ruksa imeshaingia, maduka yamejaa vitu hata vya kijinga, na pamba serikali imeruhusu watu binafsi wanunue. Hapo ndipo alipotokea Bwana Makongoro wa Bunda. Alikuwa mnunuzi, na wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja anataka afike kijijini kabla ya mwenzake awaambie wakulima wamsubiri. Wenzake walitumia baiskeli na pikipiki za kawaida. Yeye akaenda Mwanza, akarudi na dude.

Loo! Lilikuwa pikipiki, lakini lina magurudumu manne mafupi yaliyonenepa, usukani wa pikipiki, kiti kimoja, na injini yote iko nje kama utumbo. Mtumba wa huko Ulaya, walilitumia kwenye mashindano wakachoka nalo. Watoto wa Nyamuswa walilibatiza Kitanda kwa sababu ya ile miguu minne, na jina likashika. Anayeliendesha alikuwa Mseti, mwanaume wa miaka kama ishirini na sita, mpole, mrefu, akikaa juu yake magoti yanafika kwenye mikono. Mgongoni anafunga mizani ya kuning'iniza na begi la karatasi, anaruka nalo kwenda vijijini.

Wiki ya kwanza tu Kitanda kikaanza kukohoa. Mafundi wa pikipiki pale mjini walikiangalia wakakikataa, kila mmoja ana sababu yake. Basi Mseti akakisukuma mpaka Mwigobero, kwa sababu mtu alimwambia kuna mzee anafungua chochote. Wenceslaus hakuuliza swali hata moja. Aliinama kwenye bomba la moshi, akanusa, akasimama anacheka kama amekutana na shemeji.

"Hii ni ya ziwani," akasema.

"Ya ziwani vipi, mzee?"

"Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, sawasawa na injini za boti. Imepotea njia tu. Mama Penina, nipe kitambaa!"

Mama Penina ndiyo mimi. Nikampa kitambaa, na chai yangu ikapoa kwenye vikombe maana wateja wote walihamia upande wa pili wa ubao. Akasafisha kabureta, akakwangua masizi kwenye tundu la kutolea moshi. Halafu akafungua kisanduku cheusi chini ya kiti, akachomoa kitu kama sponji, kizito kwa oili, cheusi, kinanata, kimeanza kumomonyoka.

"Hicho ni nini?" nikauliza. Na mimi huo ugonjwa wa kutaka kujua alikuwa ameshaniambukiza.

Akakigeuza, akakiminya, kikakatika. "Nadhani cha kuzuia wadudu wasiingie," akasema. "Boti haina kitu hiki. Miaka yote naona injini za boti zinavuta hewa wazi tu. Halafu chenyewe kimeoza, ndicho kilikuwa kinaikaba koo."

Akakitupa. Nilikiokota nikajaribu kusugulia sufuria, kikaishia mkononi. Yeye akafunga kisanduku kitupu, Mseti akapiga kiki mara moja, na weee! Mlio ule dagaa waliruka kwenye nyavu za kuanikia, au mimi ndiye niliyeruka. Kitanda kikavuta kuliko siku kilipotoka Mwanza. Wenceslaus hakuridhika haraka, msiseme alilipua kazi. Alimtuma Mseti akizungushe mpaka barabara ya juu, akirudi anachomoa plagi anaiangalia mdomoni. Ikiwa nyeusi imelowa, injini inashiba kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, inakauka. Ilikuwa nyeupe. Akapandisha sindano ya kabureta alama moja, wakarudia. Mara ya tatu akanionyesha.

"Unaiona rangi hii? Rangi ya chai yako ya maziwa. Hapo ndipo injini inapofurahi."

Akamfundisha Mseti: chupa moja ya soda ya oili kwa lita kumi za petroli, usipunguze hata tone, hii si boti, hii inazunguka mbio mno. Mseti akarudia maneno yale kama anasali. Bwana Makongoro alipokuja mwenyewe kuona, alimshika Wenceslaus bega mbele za watu akasema kwamba pamba ikiisha, boti zake nne za Bukima na injini zake zote zitakuwa chini ya mkono wa fundi huyu. Jamani, mimi moyo ulinidunda. Kwenda Bukima ni kurudi nyumbani kwa mume wangu, na kwangu mimi ni kuachana na moshi wa kuni. Macho yangu yalikuwa yameshaanza kuniuma kila asubuhi. Nilianza kupanga vyombo kichwani siku ile ile.

Wiki tano zikapita. Siku ya Jumatatu Kitanda kikarudi juu ya pikapu.

Mseti alishuka hana sura. Bwana Makongoro alishuka yeye sauti imetangulia. "Huyu mwizi ameniulia mashine!" akasema, kidole kwa Mseti. Soko zima likageuka. Maelezo yake yalikuwa hivi, na nyie mwone kama hayaingii akilini: injini imekosa nguvu kidogo kidogo mpaka imezimika kabisa; injini ya namna hii inakufa kwa kukosa oili, kila mtu anajua; lakini oili anayompa Mseti ilikuwa inaisha haraka kuliko zamani, karibu mara mbili. Sasa kama haikuingia kwenye injini, ilikwenda wapi? Si ameiuza?

"Sijauza," Mseti akasema. Hilo tu. Watu wapole wana shida hiyo, wakishtakiwa wanakuwa wadogo.

Kazi kupotea si kitu, kazi nyingine ipo. Kilichokuwa kinamtoa jasho Mseti ni Susana. Alikuwa anamchumbia Susana, binti wa katekista Boniphace wa Nyamuswa, na tangazo la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki Jumapili moja. Na katekista, habari zilipomfikia, alisema neno moja: binti yangu haingii nyumba ya mwizi. Ila alikuwa mtu wa haki. Akasema fundi aifungue mashine, na Jumamosi wote wafike kwake, fundi aseme mbele ya pande zote imekufa kwa nini. Akisema imekosa oili, Jumapili tangazo la tatu halisomwi.

Kwa hiyo yote yakaangukia kwenye meza ya mume wangu.

Aliisukuma kiki kwa mkono. Ikashuka laini, kama unakanda unga wa mandazi. "Haina pumzi," akasema, na nikaona macho yake yameanza kung'aa. Alifungua kichwa cha injini, akachomoa silinda, akaishika pistoni kwenye mwanga. Akaingia kwenye boksi lake la vyuma vibovu, akatoa pistoni ya boti moja ya Bukima ambayo mwenye boti alikuwa anaibania oili, akaziweka mbili pamoja.

"Mama Penina, pitisha kidole hapa. Na hapa."

Ile ya boti ilikuwa na makovu, chuma kimeyeyuka kikajipaka, kimekwaruzwa vibaya upande mmoja. Ya Kitanda haikuwa na kovu. Ilikuwa imefifia tu, kijivu, sawasawa kuzunguka, na ukiangalia karibu unaona mistari myembamba mingi inashuka. Ringi zinazoizunguka zilikuwa zimekonda. Aliiweka ringi ndani ya silinda tupu akapima mwanya wa ncha zake. Mahali ambapo inatakiwa uingie wembe, kijiti cha kiberiti kiliingia kikazunguka.

"Hii haikukosa oili," akasema.

"Kwa hiyo yule kijana si mwizi?"

"Sijui. Ninachojua imesuguliwa. Kama mtu ameingia humo na msasa. Lakini ameingilia wapi?" Akawa anaizungusha ile pistoni, anaizungusha. "Miaka ishirini sijaona kitu hiki."

Usiku alilala? Alilala, lakini chakula alikuwa amekula bila kujua anakula nini. Asubuhi ya Jumanne akaniambia anakwenda Nyamuswa. Kufanya nini? Kuangalia. Nikamkaripia kwamba injini iko Musoma yeye anaifuata Nyamuswa, akasema, "Injini iko hapa, ila ilikofia ni kule." Akapanda basi la kupitia Makutano na Butiama. Mimi nikabaki na chai na hasira.

Alichokipata kule ndicho pekee nilichosimuliwa, na yeye mwenyewe. Alimfuata Mseti kwao, akamwambia amwonyeshe anavyochanganya. Mseti akaleta dumu na chupa. Akamimina chupa ya soda moja, halafu akaongeza nusu, halafu akaongeza tena.

"Nilikwambia moja," Wenceslaus akasema.

"Nilikuwa naweka moja, mzee. Ilipoanza kulegea nikafikiri ina kiu. Nikazidisha. Ikazidi kulegea, nikazidisha tena."

Hapo ndipo oili ilipokuwa inakwenda. Mjinga kwa kuipenda mashine, si mwizi. Mume wangu alitoka pale amefurahi kwa Mseti lakini kichwa kinamuwasha zaidi, maana oili nyingi inachafua plagi, haisugui chuma. Akatembea kwa miguu kipande cha barabara ambacho Kitanda kilikuwa kinapita. Ulikuwa mwezi wa nane, mvua tumeisahau, malori ya pamba yanapishana. Basi lililomrudisha lilikuwa nyuma ya lori njia nzima.

Aliporudi Jumatano mchana, kwanza sikumtambua. Nyusi nyekundu, nywele nyekundu. Nikamfukuza kwenye banda langu, nikamwambia akajipige vumbi huko pembeni, mandazi ya watu yako wazi. Akavua shati akaanza kulikung'uta. Halafu akaacha. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani, ule wenye kifungo, mfuko uliofungwa, akavitoa.

"Dorotea," akasema. Anaponiita Dorotea najua kuna jambo. "Vumbi hili limeingiaje humu?"

"Si ni vumbi! Vumbi linaingia popote."

Akaniangalia kama vile nimemwambia kitu kipya. Kwa kweli kwake kilikuwa kipya. Mtu amezaliwa Bukima, amefanya kazi juu ya maji maisha yake yote. Maji anayajua, mchanga anaujua, vumbi kwake ni kitu cha kufagia. Akaenda kwenye meza kifua wazi, akachukua mpira unaopitisha hewa kutoka kile kisanduku kitupu cha chini ya kiti kwenda kwenye kabureta, akaingiza kidole akakizungusha. Kilitoka na uji mzito mwekundu, oili na udongo. Akauweka kati ya meno akauma. Nilisikia mlio mimi mwenyewe, krii, krii.

Akakaa chini. Na mimi nilikuwa nimeshaelewa, msidhani ni yeye peke yake mwenye akili. Kile sponji hakikuwa cha wadudu. Kilikuwa chujio. Injini ya boti haina kwa sababu ziwani hakuna vumbi la kuchuja. Na ile kuvuta vizuri siku ya kwanza, ule mlio ulioturusha, ilikuwa inavuta kwa sababu mdomo uko wazi, inakula kila kitu.

"Nimeiua mimi," akasema. "Na duka la vitu hivi siku hizi Mwanza lipo. Sikuuliza hata. Nilitoa tu, kama nilivyozoea."

Nisikilizeni sasa, maana hapa ndipo ninapojichukia. Sikumwambia pole. Nilisogea karibu nikashusha sauti nikamwambia, "Nani mwingine anajua?" Akasema hakuna. Nikamwambia basi Jumamosi aseme hajaelewa. Asiseme oili, asimuue kijana. Aseme tu mashine ni mtumba, imechoka, Mungu ndiye anayejua. Makongoro hatakuwa na ushahidi, na sisi tutakwenda Bukima. Nilimwonyesha macho yangu yalivyokuwa mekundu. Nililia kidogo pia, na kilio kile nusu kilikuwa cha kweli.

"Nikisema haijulikani, katekista atampa binti yake?" akaniuliza.

"Huenda."

"Huenda," akarudia, akaanza kufuta pistoni.

Alhamisi Mseti alikuja. Alikuwa ametoka Nyamuswa alfajiri, amekuja kuulizia. Wenceslaus alikuwa ameitwa kwenye boti moja iliyokwama nje, kwa hiyo alinikuta mimi. Nikampa chai na mandazi mawili. Mandazi hakuyagusa. Aliushika mkono wa kikombe tu, akaniambia kwamba dada zake hawaendi tena kisimani saa ile wanayokwenda wenzao, kwa sababu ya maneno. Halafu akaniuliza, kwa heshima, macho chini, "Mama, mzee ameshagundua kitu?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Neno moja lingetosha, kijana angekunywa chai yake. Nikasema, "Bado anaangalia, baba. Bado hajajua."

"Sawa, mama. Nitasubiri," akasema. Akaondoka, mandazi yakabaki, nikayarudisha kwenye beseni.

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Njiani sikumuuliza Wenceslaus atasema nini, naye hakuniambia. Kwa katekista walikuwa wameweka viti uani, Bwana Makongoro upande huu, Mseti na mjomba wake upande ule. Susana alikuwa anapita na jagi la maji bila kumwangalia mtu. Makongoro aliongea kwanza, akaongea sana. Alipomaliza, katekista Boniphace akamgeukia mume wangu.

Wenceslaus alifungua kitambaa, akampa katekista pistoni mbili, akamwomba apitishe kidole kama alivyoniomba mimi. Zikazungushwa kwa kila mtu, hata kwa Makongoro. Akawaeleza: hii ya boti ndiyo iliyonyimwa oili, oneni makovu. Hii ya pili haina kovu. Hii imelishwa udongo wa barabara yenu wiki tano. Akaeleza kuhusu ile oili iliyozidishwa, Mseti akiwa anaitikia kwa kichwa. Walikuwa wanasikiliza kama watoto darasani, na nitawaambia ukweli, hata katika hofu ile nilijivuna naye.

"Sasa huo udongo uliingiaje?" katekista akauliza. "Si walioitengeneza waliweka kitu cha kuuzuia?"

"Waliweka," Wenceslaus akasema. "Nilikitoa mimi. Nikakitupa Mwigobero mbele ya mke wangu, nikasema ni cha wadudu. Mseti hakuiba kitu. Mashine hii nimeiua mimi."

Makongoro alicheka kwanza, akidhani ni utani. Halafu uso ukambadilika. Alisema maneno ambayo siyarudii, akasimama, akasema boti zake za Bukima hazitaguswa na mkono ule hata zizame. Akawasha gari akaondoka. Basi, Bukima ikaondoka naye hivyo hivyo, na mimi nikabaki nimekaa kwenye kiti cha watu.

Katekista akamgeukia Mseti. "Kesho tangazo litasomwa," akasema. Mjomba wa Mseti akapiga makofi, mama mmoja jikoni akapiga kigelegele, Susana jagi likamponyoka akalidaka. Mseti mwenyewe alikuwa amemkimbilia mume wangu, nikadhani anamkumbatia au anampiga, kumbe ameiokota ile pistoni.

"Mzee, kwa hiyo nilipokuwa nafuata nyuma ya lori ndiyo ilikuwa inakula zaidi?"

"Zaidi sana. Na hizi alama ndogo, unaziona? Hizo ni changarawe."

"Na tukichonga silinda Mwanza, tukaweka pistoni kubwa kidogo na chujio?"

"Inafufuka! Lakini chujio lenyewe lazima ulipake oili, ulifue kila wiki, maana..."

Wakaendelea, vichwa vimegusana, wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja. Nilifurahi, Mungu ni shahidi wangu, nilifurahi mpaka nikasahau Bukima. Mseti akasema, akiwa bado ameinama, "Uligundua lini, mzee?"

"Jumatano mchana. Vumbi la shati ndilo lililonifungua macho, muulize Mama Penina, alikuwepo."

Mseti akainua kichwa. Akaniangalia. Sikuwahi kuona mtu akihesabu siku kwa macho, lakini siku ile niliona: Jumatano, Alhamisi. Wenceslaus hakuwa na habari ya ile Alhamisi, sikumwambia.

"Mama," Mseti akasema polepole, "nilipokuja kunywa chai ulikuwa umeshajua?"

Ningeweza kusema sikuelewa mambo ya injini. Mwanamke wa chai, nani angebisha?

"Nilijua," nikasema.

Mume wangu akanigeukia, na sikutaka kuuona uso wake. Kutoka ndani wakaita kwamba chakula kiko tayari, watu wanawe. Mseti akamchukulia Susana jagi na beseni, akaanza na mimi kwa sababu nilikuwa mgeni na ni mama. Akainama mbele yangu kama adabu inavyotaka, akanimiminia maji, taratibu, mpaka mikono yote ikatakata, akanipa kitambaa, akasema, "Karibu chakula, mama." Bora angenimwagia maji yale usoni.